Tupeni jibu, hata kama ni hapana

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua huwa mnazipunguza ila hii naomba msiikate sana, maana nimeona wasomaji wenzangu wanaandika humu kwamba watu wa filamu wanaziba barabara, wanawasha jenereta usiku wa manane, wanamzuia mtu kupita mbele ya mlango wake mwenyewe eti asiingie kwenye kamera. Wana haki ya kulalamika na mimi nakubaliana nao kabisa. Mimi ni mtafuta lokesheni, yaani natafuta mahali pa kupigia filamu na kuombea vibali, hiyo ndo kazi inayonilisha, mwaka wa 11 huu, na filamu nyingi ninazofanyia kazi ni za bajeti ndogo na tunazishutia kwenye miji midogo, kwa sababu mji mdogo una utulivu, majengo yake hayajafunikwa na mabango, na mtu akisema ndiyo anamaanisha ndiyo. Shida ni kumpata huyo mtu wa kusema ndiyo. Au wa kusema hapana.

Ninachotaka kusema ni hiki: mji mdogo haukosi sheria za kupiga filamu, sheria zipo tena nyingi, unachokosa ni mtu mmoja ambaye akiulizwa "faili la hawa watu wa filamu liko wapi" anajua ni la kwake. Faili lisilo na mwenyewe halijibiwi, na lisipojibiwa watu wanaanza kushuti kwa kuiba, yaani kupiga filamu bila kibali, na kushuti kwa kuiba ndo kunaleta haya yote mnayolalamikia na mengine mabaya zaidi ambayo bado hayajawafika.

Ngoja nieleze inavyokuwaga. Tuseme una sini moja tu, yaani tukio moja la kwenye filamu, mwanamke anatoka kwenye jengo, anavuka barabara, anaingia kwenye gari, gari linaondoka. Kwenye filamu hiyo ni sekunde 40. Kuipata unahitaji barabara kwa saa 5 au 6, kwa sababu unairudia kutoka pembe hii na pembe ile, na kila ukirudia magari yaliyokuwa nyuma lazima yawe palepale yalipokuwa, jua likihama kidogo kivuli kinahama, unaanza tena. Sasa hiyo barabara ni ya nani? Manispaa wanakwambia lami sio yetu, nenda kwa watu wa barabara. Watu wa barabara wanasema sisi tunajenga tu, kusimamisha magari ni kazi ya trafiki. Trafiki wanasema leta kwanza barua ya manispaa. Maegesho ya pembeni yana idara yake, nguzo ya taa ina shirika lake, mti unaotaka kufunga laiti, yaani taa ya kupigia filamu, una watu wa bustani, jengo linaloonekana nyuma ni la mtu binafsi ambaye anaishi mbali na simu yake hapokei. Droni nayo ni safari nyingine kabisa, hiyo unaenda mamlaka ya anga, na hata ukishapewa nchi nyingi zinakwambia usipite mita 120 kwenda juu na usiruke juu ya watu. Kwa hiyo sekunde 40 zimekuwa ofisi 7, na kila ofisi inasubiri nyingine ianze.

Na hakuna aliyekosea hapo! Ukikaa na kila mmoja wao anakueleza vizuri tu, anachosema ni kweli, mipaka ya kazi yake ndo hiyo. Ndo maana mimi huwa sipendi watu wa filamu wanaosema maofisa ni wavivu au wanataka kitu kidogo. Wapo wa hivyo, ila wengi niliokutana nao wanaogopa. Ofisa wa mji mdogo hajawahi kupokea ombi kama hili, hajui bosi wake atasemaje, hana fomu ya kufuata, na anajua akisaini yeye halafu mtu akagongwa na gari jina lake ndo liko pale chini. Kusaini ni hatari kwake, kukataa ataambiwa anazuia maendeleo, kwa hiyo njia salama kwake ni "rudi Alhamisi".

Majiji makubwa yalipitia haya haya. New York mwaka 1966, meya akiwa John Lindsay, waliamua kuanzisha ofisi moja ya filamu chini ya meya, mtengenezaji aingie mlango mmoja atoke na kibali kimoja badala ya kuzunguka idara zote mwenyewe, na mwaka huohuo polisi wakatenga kikosi chao cha kushughulika na filamu tu, yaani askari wanaojua sini ya kuvuka barabara ni nini. Kabla ya hapo jiji lilikuwa na idara zilezile na sheria zilezile, kilichobadilika ni nani anayebeba faili kutoka meza moja kwenda nyingine. Mimi nikisoma hii huwa najiambia, kama jiji la mamilioni ya watu liliweza, mji ambao mkuu wa trafiki na mkuu wa bustani wanakutana sokoni kila wikiendi unashindwaje? Kwenye mji mdogo huyo mtu mmoja hahitaji hata ofisi. Anahitaji simu na ruhusa ya kuwapigia wenzake.

Sasa niseme jambo linaloniuma mimi mwenyewe.

Miaka michache nyuma tulikuwa na sini ya kijana anayekimbia kichochoroni ameshika bastola. Ya plastiki, haina hata risasi bandia. Nilipeleka maombi wiki 3 na siku 2 kabla, na bastola niliiandika waziwazi kwa herufi kubwa, kwa sababu silaha ni kitu cha kwanza polisi wanatakiwa kujua. Barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa, ikaishia hapo. Nikienda naambiwa, "Kaka, mkuu yuko kikaoni, rudi Alhamisi." Alhamisi nikaambiwa faili limeenda kwa mwanasheria. Mwanasheria, mama mmoja mpole sana, akanitazama akaniambia, "Mwanangu, mimi hilo faili sijaliona kwa macho yangu." Nikarudi kule, nikapigwa kalenda tena. Muigizaji wetu mkuu mkataba wake ulikuwa unaisha Jumapili. Ijumaa usiku prodyuza akasema tunaingia alfajiri, dakika 20, tunatoka kabla mji haujaamka. Mimi nilijua sio sawa. Nilinyamaza.

Mtu mmoja ghorofani alifungua dirisha akaona kijana anakimbia na bastola, kamera hakuiona kwa sababu tulikuwa tumeificha ili tusionekane, akapiga simu polisi kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walikuja haraka, na zao zilikuwa za kweli. Yule kijana alikuwa anakimbia kuelekea kwao, kwa sababu ndivyo tulivyompanga akimbie, na aligeuka kona akiwa na ile plastiki mkononi. Dairekta anapiga kelele, mimi napiga kelele, askari wanapiga kelele, na yule kijana akasimama anauangalia mkono wake kama sio wa kwake. Akaitupa, akalala chini kifudifudi. Hakuna aliyefyatua, namshukuru Mungu na nawashukuru wale askari kwa utulivu wao. Kijana alitetemeka mpaka jioni, nilikaa naye, hakuweza kushika kikombe.

Jumatatu nilipoenda kuomba radhi, faili likapatikana. Lilikuwa kwenye droo. Pembeni mtu alishaandika kwa peni "hakuna pingamizi", tarehe ya wiki 2 nyuma. Ilikuwa inasubiri saini moja.

Sijaandika hili ili tusafishwe sisi. Kosa la kuingia bila kibali lilikuwa letu, na kuna mahali jibu lilitolewa mapema na bado watu wakaingia. Tarehe 20 Februari 2014 huko jimbo la Georgia, Marekani, kruu ya filamu, yaani kundi la wafanyakazi wake, ilipanda kwenye daraja la reli juu ya mto, wakaweka kitanda cha chuma kwenye reli kwa ajili ya sini, na kampuni ya reli ilikuwa imeshawakatalia kwa maandishi. Treni ikaja. Msaidizi wa kamera mwenye miaka 27 alifariki palepale na wenzake kadhaa wakaumia, na mwaka uliofuata dairekta alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia akaenda jela. Kila kijana anayeanza kazi hii huwa namsimulia. Kile kikaratasi tunachokiona usumbufu, kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha mwenye reli anajua kwamba kuna watu juu ya reli.

Kwa hiyo na sisi tuna ya kwetu ya kurekebisha, na nitayasema hapa kwa sababu maofisa wanasoma gazeti hili. Tunachelewa kuomba, hilo la kwanza, mtu skripti anayo miezi 6 halafu maombi analeta siku 3 kabla ya kushuti na anategemea miujiza. Tunadanganya ukubwa, tunaandika "kruu ndogo" halafu wanakuja watu 35 na malori 2. Tunaficha sini. Kuna mtengenezaji aliniambia nisiandike kwamba kuna gari litawaka moto, tuseme tu "tukio la barabarani", nilikataa kazi, kwa sababu zimamoto wanatakiwa wawe wamesimama pale na maji kabla ya kiberiti hakijawashwa. Maombi mazuri yanasema tarehe na saa ya kuingia na ya kutoka, watu wangapi, magari mangapi na yatasimama wapi, jenereta iko kona gani, kuna silaha au moto au wanyama au watoto, na kunakuwa na ramani hata ya kuchora kwa mkono inayoonyesha kipande gani cha barabara kinafungwa na watu wa miguu watapita wapi. Halafu bima ya kumlipa mtu mwingine akiumia au mali yake ikiharibika. Nusu ya "rudi kesho" tunazolalamikia zinatokana na ofisa kushindwa kuelewa tunataka nini hasa, na anaona aibu kuuliza.

Lakini pia mji usimpime kila mtu kwa kipimo cha malori. Hapa huwa nabishana sana na wenzangu maana wengine wanataka kila mwenye kamera awe na kibali ili wao wenye makampuni wasipate ushindani, mimi naona hilo ni baya. Mwanafunzi na rafiki yake wana kamera ya mkononi na tripodi, stendi ya miguu mitatu, pembeni ya njia, hawajamzuia mtu, kibali cha nini? New York hiyohiyo mwaka 2007 walileta rasimu ya kanuni kwamba watu wawili tu wakikaa na kamera sehemu moja zaidi ya nusu saa waombe kibali na wawe na bima ya dola milioni 1, watu wakapinga sana, ikabidi waiandike upya, na kanuni za 2008 zikaacha huru kamera ya mkononi na tripodi mradi huidai njia iwe yako peke yako. Na kwenye mbuga za taifa za Marekani sheria iliyosainiwa Januari 2025 imesema kundi la watu 5 au pungufu, wakiwa sehemu ambayo kila mtu anaruhusiwa kufika na hawaharibu kitu, hawahitaji kibali wala hawalipi ada ya kupiga filamu. Hicho ndo kipimo chenye akili, unaangalia mtu anachukua nafasi kiasi gani ya wengine. Kamera yake ni ya bei gani au video ataiuza wapi, hilo haliuhusu mji. Mji mdogo ukianza na mstari huo tu, maombi mengi yatapungua mezani na ofisa atapata muda wa yale yenye malori.

Kingine ambacho pande zote mbili huwa tunachanganya, kibali cha mji hakikupi kila kitu. Kinakupa barabara, njia ya miguu, bustani, vitu vya umma. Ndani ya duka la mtu unahitaji barua ya mwenye duka, na kama amepanga unahitaji na ya mwenye nyumba, nimewahi kuona mpangaji anakubali halafu mwenye nyumba anakuja saa 4 asubuhi anafukuza watu wote. Sura ya mtu inayoonekana vizuri unahitaji saini yake. Muziki unaopigwa jirani una mwenyewe. Hata jengo la umma linaweza kuwa na kitu kisicho cha umma, mfano mnara wa Eiffel kule Paris, mchana piga utakavyo maana Gustave Eiffel alifariki 1923 na haki zake zilishaisha, lakini zile taa za usiku ziliwekwa 1985, ni kazi ya mtu mwingine, ukitaka kutumia picha yake ya usiku kibiashara unaomba ruhusa. Ofisa akilijua hili anaacha kuogopa, kwa sababu anaona kwamba hajaombwa aruhusu ulimwengu mzima, ameombwa aruhusu mita 60 za barabara.

Majirani. Hapa ndo naomba tusikilizane vizuri zaidi. Jirani hachukii filamu, jirani anachukia kushtukizwa. Mtaa ukipewa taarifa ya maandishi siku 3 au 4 kabla, mlango kwa mlango, yenye saa kamili na namba ya simu ya mtu anayepokea kweli, malalamiko yanakaribia kuisha, nimeona kwa macho yangu mara nyingi tu. Mwenye duka anayepoteza wateja kwa saa 6 alipwe, na alipwe kabla, sio aahidiwe. Mgonjwa na mzee lazima wajue gari litawafikiaje barabara ikifungwa. Laiti kubwa isielekezwe kwenye dirisha la chumba cha kulala cha mtu. Jenereta iwekwe mbali nyaya zivutwe, nyaya zipo za kutosha, ni uvivu tu. Na mtu anayetaka kupita, apite! Hakuna kibali duniani kinachompa kijana wa kruu mwenye redio kiunoni haki ya kumfokea mama anayerudi kwake, na hapa nawaomba radhi wote waliowahi kufokewa na watu niliowaleta mimi.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Mji utoze gharama zake, askari waliosimama saa 6 walipwe, maegesho yaliyochukuliwa yalipwe, dhamana ya usafi iwekwe na irudishwe mahali pakikutwa safi. Ila kuna miji ikisikia neno filamu inaona mgodi, inataka ada kubwa siku ya kwanza, na huyo mtengenezaji wa bajeti ndogo anaondoka kimyakimya anaenda mji wa jirani. Ouarzazate kule Moroko ni mji wa watu elfu 71 hivi kwa sensa ya 2014, mdogo tu, pembeni ya jangwa, studio kubwa ilijengwa pale 1983 na filamu za nje zimekuwa zikija miaka na miaka, na kuna mafundi wa seti, washonaji, waendesha magari, watu wa kusimama nyuma kama umati, ambao hiyo ndo ajira yao. Vibali vya kupiga filamu nchini kwao vinashughulikiwa na taasisi inayojulikana, Centre Cinématographique Marocain, ipo tangu 1944, mtu hatafuti mlango. Sisemi kila mji utakuwa Ouarzazate, hapana, wale wana mwanga na majangwa na ngome za udongo. Nasema waliorudi walirudi kwa sababu mara ya kwanza walijua wagonge wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani na watendaji wa miji midogo ni dogo. Chagueni mtumishi mmoja, hata kama ana kazi nyingine, na msaidizi wake kwa siku akiwa likizo. Jina lake na namba yake vibandikwe mlangoni. Fomu iwe ya kurasa 2. Siku za kujibu ziandikwe, siku 5 za kazi kwa ombi dogo, siku 10 kwa lenye kufunga barabara au lenye silaha na moto, na zikipita bila jibu mtumishi aeleze kwa maandishi kwa nini. Jibu likiwa hapana na sababu yake iandikwe, tutashukuru, tutaenda kutafuta kwingine, hiyo ndo kazi yetu.

Saa hivi ninapoandika nina faili moja liko mezani kwa mtu, siku ya 19 leo. Ni sini ya bibi anayefunga dirisha la ghorofa ya pili, kamera inakaa ng'ambo ya barabara, watu 8, hakuna gari la kusimamishwa. Jengo lenyewe linabomolewa mwisho wa mwezi. Nikiambiwa hapana leo bado nina siku za kutafuta dirisha lingine.

Msomaji wenu,
Mtafuta lokesheni